Hadi Mtwapa Tu

 

Nilikuwa nimeahidi kwamba wiki hii tutaendelea na somo la haki za jirani. Somo hilo litangoja. Kuna jambo limenipata, na kwa kuwa nusu ya mtaa umekwisha kulisimulia, kila mmoja kwa chumvi yake, nimeona ni bora mlisikie kwangu mimi mwenye kosa.

Ilikuwa Jumapili ya mwezi wa Agosti, kusi ikivuma. Baada ya sala ya alfajiri nilitoka msikitini hapa Mji wa Kale, nikapanda baiskeli yangu kama nifanyavyo kila asubuhi. Wengi wenu mnaijua. Ni Raleigh nyeusi ya marehemu baba, Mwenyezi Mungu amrehemu. Yeye aliichukulia mikate ya asubuhi kuipeleka madukani, mimi naichukulia misahafu na madaftari ya watoto wa madrasa. Haina gia. Ina kengele, ina karia ya chuma, na ina tandiko la ngozi lililoshika umbo la marehemu kabla ya kushika langu. Tangu niambiwe miaka sita iliyopita kwamba nina kisukari, daktari amenitaka niutikise mwili kila siku, nami nimejiwekea desturi ya kwenda hadi Daraja la Nyali na kurudi. Ni nusu saa, haizidi. Nikirudi hukuta chai imeiva, na vidonge vyangu viko kando ya kikombe. Siku hiyo, nilipokuwa nikitoka nyumbani, nilisikia harufu ya mbaazi za nazi na mahamri yakiumuka. Simu niliiacha kwenye chaji. Nusu saa haihitaji simu.

Pale darajani nikawakuta vijana kama kumi na watano na baiskeli zao, za gia, nyepesi, zenye matairi membamba kama mkanda. Kadhaa kati yao nimewasomesha juzuu Amma. Walishuka wakaja kunipa mkono. Nikawauliza waendako.

"Malindi, sheikh."

"Kwa baiskeli?"

"Kwa baiskeli. Twende, sheikh!"

Kijana yule alinikaribisha kwa adabu tu, kama mtu anayekula anavyomwambia mpita njia karibu, naye akitarajia kujibiwa ahsante. Mimi nikanawa mikono nikakaa.

Nimejiuliza mara nyingi ni nini kilichonishika. Nina miaka hamsini na mitano. Barabara ile ya Malindi nimepita mara zisizohesabika, kwa mazishi, kwa harusi, kwa maulidi, na kila mara nimepita nikisinzia ndani ya gari. Lakini nilipokuwa mtoto, kabla ya daraja hili la sasa kufunguliwa mwaka 1980, baba alikuwa akinipakia kwenye karia hii hii tukivuka daraja la zamani, lile lililoelea juu ya maji, nami nikisikia linavyonguruma chini ya magurudumu. Ng'ambo ya pili baba alikuwa akigeuza. Nilimwuliza siku moja, tukiendelea tutafika wapi? Akanitajia: Mtwapa, Takaungu, Kilifi, Malindi. Akanieleza kivuko cha Mtwapa cha zamani zile, kilivyovutwa kwa minyororo na wanaume wakiimba. Kisha akageuza, maana mikate ilikuwa ikingojewa. Labda ni hilo. Au labda ni ujinga wa mtu mzima tu, sitaki kuupamba.

Nikawaambia, "Nitawasindikiza hadi Mtwapa tu."

Katika mafundisho ya Mtume wetu (s.a.w.), watu watatu wakitoka safarini wamteue mmoja wao kuwa amiri. Vijana hawa walikuwa wamefanya hivyo, na hilo lilinifurahisha. Amiri wao ni kijana wa miaka ishirini na mbili, fundi wa umeme, mtulivu wa maneno. Kulikuwa na pikapu nyuma yetu iliyobeba maji, tyubu za akiba na pampu, na dereva wake alikuwa mama mmoja wa Kisauni ambaye wanawe wawili walikuwa msafarani. Kuhusu mavazi, nilikuwa na wasiwasi wangu, lakini karibu wote walivaa suruali ndefu. Aliyekuja na kaptura iliyoacha magoti wazi alipewa kikoi na amiri kabla mimi sijafungua mdomo. Aliyevaa vibaya kuliko wote kwa safari ile nilikuwa mimi, na kanzu yangu na kofia.

Tukapita Kongowea sokoni, wachuuzi wakishusha vitunguu. Tukapita Bamburi, tukapita Shanzu. Kusi ilikuwa mgongoni. Wale waliosafiri kwa majahazi wanajua maana yake: upepo huu ndio uliowapeleka wazee wetu kaskazini karne kwa karne, na baiskeli nayo, nimegundua, ni chombo cha tanga. Mgongo wangu na kanzu yangu vilikuwa tanga. Nilikuwa siendeshi, nilikuwa nabebwa. Nilidhani ni nguvu zangu.

Mtwapa tulifika kiasi cha saa moja na robo. Hapo ndipo nilipotakiwa kugeuza. Amiri akanijia, akaniuliza kwa upole, "Sheikh, nyumbani wanajua?"

Nikamjibu, "Watajua."

Naliandika neno hili kama lilivyotoka, kwa sababu ndilo neno nililolifikiria zaidi baadaye. Kijana alinipa simu yake mkononi. Nikaishika. Ndipo nikatambua kwamba sijui nambari ya mke wangu. Tumeoana miaka ishirini na minane, na nambari yake naijua kwa jina lake tu, namna linavyotokea kwenye simu. Nambari niliyoihifadhi moyoni ni yangu mwenyewe, maana hiyo ndiyo ninayowapa watu. Nikapiga hiyo, nikitumaini ataipokea. Iliita, ikaita, haikupokelewa. Usiku uliopita nilikuwa nimeinyamazisha, kama nifanyavyo kila siku kabla ya alfajiri. Kumbe iliita bila sauti, chini ya kofia yangu ya pili, hatua tatu kutoka alipokuwa amesimama.

Mtu mwenye akili hapo angegeuza. Mimi nikasema, "Basi hadi Kilifi, nitarudi na matatu."

Kikambala kanzu ikaingia kwenye mnyororo. Ilipasuka kutoka pindoni hadi gotini, ikabaki na alama nyeusi za grisi kama mistari ya daftari. Nikaikunja, nikaifunga kiunoni kwa kipande cha tyubu nilichopewa, nikaendelea. Kanzu ile aliishona yeye kwa mkono wake kwa ajili ya Idi. Sitasema zaidi juu yake.

Baada ya Majengo njia inafunguka, na ukifika Vipingo unaingia kwenye mashamba ya mkonge, safu baada ya safu, mpaka macho yanachoka. Jua lilikuwa limepanda. Nilianza kuona mikono yangu inatetemeka juu ya usukani. Jasho likanitoka, si lile la joto bali jasho baridi. Kijana aliyekuwa kando yangu aliniuliza jambo, nami nikamjibu, lakini nilijisikia nikijibu maneno ambayo siyo. Akapiga kelele kumwita amiri.

Wenye ugonjwa huu wanaijua hali hiyo, na nawaeleza wasioujua kwa sababu huenda ikamfaa mtu. Sukari huua kwa kupanda, lakini huangusha haraka zaidi kwa kushuka. Nilikuwa nimemeza dawa za jioni, sikula kitu tangu usiku, kisha nikaufanyisha mwili kazi ya saa tatu. Mwili ulikuwa umemaliza ilichokuwa nayo akiba yake. Walinishusha, wakanilaza chini ya mti, amiri akanitia tende kinywani moja baada ya moja kama mtoto anayeachishwa ziwa, kisha soda, kisha akanikalisha robo saa nzima akinitazama macho. Nilipotaka kusimama alisema, "Bado, sheikh." Nilipotaka mara ya pili, alisema hivyo hivyo. Mimi ndiye niliyemfundisha kijana huyu kutii wakubwa, na pale chini ya mti nilijifunza kumtii.

Wakati nimelala nikitazama majani, kitu kilichonipitia akilini hakikuwa mauti, ingawa ingefaa kiwe hicho. Kilikuwa ni vile vidonge kando ya kikombe, na chai iliyokwisha kupoa.

Wakataka kunipakia kwenye pikapu. Nikakubali kwa kipande. Kuelekea Takaungu nikashuka tena, kwa kuwa nilijisikia mzima na kwa kuwa ukaidi ulikuwa haujaniisha. Hiyo ndiyo Takaungu waliyohamia Mazrui walipoondolewa Mombasa mwaka 1837 na Seyyid Said. Tulivuka daraja la Kilifi, lile la mwaka 1991, huku maji ya hori yakiwa mbali chini yetu na magofu ya Mnarani ng'ambo tuliyotoka. Nakumbuka foleni za feri kabla ya daraja, na wauza korosho wakipita madirishani. Baiskeli juu ya daraja lile ina raha ambayo siwezi kuieleza bila kuonekana kwamba sijutii.

Kilifi tulikula, tukapumzika, na nilipoona nimesimama imara nikatangaza kwamba nitafika nao Malindi. Hapo ndipo mama mwenye pikapu aliponifuata. Hakuniuliza kama alivyouliza amiri. Aliniuliza kwa namna ya mwanamke anayeijua habari.

"Sheikh, mama nyumbani ana habari?"

Nikamweleza habari ya nambari, na simu isiyopokelewa. Nikaongeza kwamba hata hivyo si mbali, kilomita sitini tu zimebaki.

Akasema, "Anayengoja hana kilomita za kuhesabu, sheikh. Tafuta njia."

Akawauliza vijana mmoja mmoja nani ana nambari ya mtu yeyote wa mtaa wetu, mpaka akapatikana mmoja mwenye ya muadhini. Tukampigia. Muadhini akasema atapita nyumbani kwangu akishamaliza adhuhuri. Sikuthubutu kumwambia aende sasa hivi.

Kisha ukaingia wakati wa sala, na hapa niwieni radhi niingie kidogo katika fiqhi, kwa sababu mambo mengine huyajui hata uyasomeshe miaka thelathini, mpaka yakupate. Kwa madhehebu yetu ya Imamu Shafi, msafiri hupunguza sala akiwa amekusudia safari ya marhala mbili, ambazo wanavyuoni wa zama hizi wanazikadiria kilomita themanini na kitu. Na sharti ni kwamba umekusudia mwendo huo. Vijana walikusudia Malindi tangu darajani, kilomita kiasi cha mia na ishirini, basi ni wasafiri bila shaka. Wao watasali adhuhuri na alasiri rakaa mbili mbili, kwa kuzikusanya. Mimi je? Nilikusudia Mtwapa. Nikafika Mtwapa nikakusudia Kilifi. Nimefika Kilifi nimekusudia Malindi. Hakuna hata mara moja niliyonuia mwendo wa marhala mbili. Miguu yangu ilikuwa imesafiri, lakini mimi kwa hukumu ya sharia nilikuwa mkaazi aliyepotea njia ya kurudi nyumbani.

Wakaniomba niwasalishe. Nikakataa, maana wangelazimika kutimiza nne nyuma yangu. Nikamtanguliza amiri, nikasimama safu ya kwanza kulia. Alipotoa salamu kwa rakaa mbili, mimi nikainuka kutimiza zangu. Kijana mmoja akanong'ona, "Sheikh amesahau?" Mwenzake akamnyamazisha. Nilipomaliza niliwaeleza sababu. Walicheka, kwa heshima lakini walicheka, na amiri akauliza swali ambalo sikulitarajia: "Kwa hivyo, sheikh, mtu anaweza kufika mbali sana bila kuwahi kusafiri?"

Nikamwambia ndiyo, kwa sharia inawezekana.

Baada ya Kilifi ni Tezo, Roka, Matsangoni, kisha msitu wa Arabuko Sokoke ukaambatana nasi upande wa kushoto, kivuli chake hakitufikii ila baridi yake tunaisikia. Sina mengi ya kusema juu ya saa hizo. Makalio yalikuwa yanauma kiasi cha kunisahaulisha kila wazo jingine. Gede nilishuka kusali alasiri yangu kwa wakati wake, vijana wawili wakabaki kunilinda, wengine wakatangulia. Malindi tuliingia jua likiwa limeinama, kiasi cha saa kumi na moja na dakika arubaini. Wenzangu walishangilia. Mimi nilikaa ukingoni nikitazama bahari na sikushangilia, ingawa furaha ilikuwepo. Furaha ile ilikuwa kama kitu nilichokiazima bila kuomba.

Vijana walikuwa walale Malindi. Mtume (s.a.w.) ametufunza kwamba safari ni kipande cha adhabu, na kwamba mtu akimaliza haja yake aharakishe kurudi kwa ahali zake. Mama mwenye pikapu alikuwa anarudi usiku ule ule. Tukapakia baiskeli yangu nyuma, nikakaa mbele pamoja na mwanawe mmoja katikati yetu. Isha tulisali Kilifi, na sasa, kwa kuwa nilitoka Malindi nikiikusudia Mombasa, nilikuwa msafiri kamili. Mchana, nikiwa hoi kwa kukanyaga pedali, nilisali nne. Usiku, nikiwa nimebebwa kama gunia, nilisali mbili za halali.

Nyumbani nilifika saa nne na nusu. Taarifa niliitanguliza, kwa simu ya yule mama, kupitia muadhini tena. Mlango ulikuwa wazi. Mwanangu wa kiume alikuwa ameketi barazani, akainuka, akanipa mkono, akaingia ndani bila neno. Nilikuja kujua siku ya pili kwamba alizunguka hospitali mbili asubuhi ile akiuliza kama ameletwa mzee mwenye kanzu na baiskeli nyeusi. Shemeji yangu alikwenda hadi Likoni kivukoni. Mke wangu alikwenda mwenyewe mpaka darajani, akasimama akatazama majini. Muadhini alipompelekea habari kwamba sheikh amekwenda Malindi kwa baiskeli, alimwambia amekosea nyumba.

Alikuwa amekaa kwenye mkeka. Chakula kimefunikwa kwa kawa, vidonge kando. Alinitazama usoni, akaitazama kanzu. Akangoja mpaka nimekula na kumeza dawa. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Maalim, lau ningekuwa mimi niliyetoka alfajiri bila kuaga nikarudi saa nne za usiku, ungenisomea hadithi gani?"

Mnajua, mama zangu, ni mara ngapi nimesimama mbele yenu kwenye darsa za Jumatano nikazungumzia ruhusa ya mke kutoka nyumbani. Nimeizungumzia kwa dalili na kwa sauti ya juu. Sikumbuki kama nimewahi kusimama mbele ya waume kuwazungumzia kuaga. Sikumjibu. Sikuwa na la kumjibu wakati ule, na nilipolala bado nilikuwa sina.

Siku ya tatu nilijaribu kujitetea kidogo. Nikamwambia kwamba mazoezi yana asili katika dini yetu, na kwamba hata Mtume (s.a.w.) alishindana mbio na Bi Aisha. Alikuwa akichambua mchele. Hakuinua kichwa.

"Alikimbia pamoja naye, Maalim," akasema. "Hakumkimbia."

Darsa ya Jumatano iliyofuata niliwasimulia akina mama habari yote hii, naye akiwa ameketi safu ya nyuma. Wengi walicheka. Yeye alitazama mikono yake, lakini nilipofika kwenye neno "Watajua" aliinua macho. Nimemwomba radhi mbele yao, na mwanangu nimemwomba radhi peke yake, jambo ambalo lilikuwa gumu zaidi. Nambari yake nimeihifadhi. Huniuliza kwa ghafla, hata nikiwa katikati ya chai, nami huisoma tarakimu kwa tarakimu kama mwanafunzi anayesomeshwa alifu. Aidha ameiandika kwenye karatasi, akaishona ndani ya kipande cha plastiki na kuifunga chini ya kengele ya baiskeli. Kanzu ameitia kiraka. Huivaa kwenda nayo darajani.

Juma lililopita amiri alikuja nyumbani. Wanakusudia kwenda Lamu, kwa siku nne, kupitia Garsen na Witu hadi Mokowe, kabla kusi haijageuka. Akauliza kama nitakuwa pamoja nao, na akasema wazi kwamba safari hii inabidi ninuie tangu darajani. Nikamwambia nitauliza.

Nimeuliza. Amesema atafikiri. Ni siku ya tano leo.